Kamba ya Tatu

Ndoo ya kwanza ilipanda na tope jeusi. Ya pili ikapanda na tope na harufu. Ya tatu ikapanda na mfupa wa mguu, bado umevaa soksi.

Fundi Ashiru hakupiga kelele. Aliiweka ndoo chini taratibu, akavua kofia yake ya kufuma, akamgeukia ajuza aliyekuwa kibarazani akimenya muhogo.

"Mama Alfredi," alisema, "kisima chako kina mtu."

Kisu kilisimama. Mama Alfredi alikuwa kipofu tangu ujanani, macho yake meupe kama ute wa yai lililochemshwa.

"Mtu gani?"

"Sijui. Hana uso."

"Basi waite wenye kazi yao," alisema yule ajuza, na kisu kikaendelea na muhogo.

Huku juu uwandani, Chilangala, maji hayachimbwi hovyo. Yanavunwa paani wakati wa mvua, yanateremka kwa mfereji wa bati hadi kwenye kisima cha zege kilichofukiwa ardhini, kisha watu wanayabania mpaka mvua nyingine. Kumtia mtu kisimani huku ni kuua na kuwanyima maji waliobaki. Hata wauaji wana adabu zao. Huyu hakuwa nazo.

Inspekta Agatha Mchopa wa upelelezi alifika saa nne kutoka Newala mjini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mzaliwa wa Lindi, mwembamba, mwenye ulimi ambao hata mkuu wake wa kazi aliuogopa. Alifuatana na Sajenti Mujibu, Mmakonde mnene mpole aliyejua kila kijia cha wilaya ile.

Kwenye turubai walikuwa wamepanga kilichotolewa kisimani: mifupa, mabaki ya gauni, rozari na fimbo ya kutembelea. Daktari Walter alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Mwanamke," alisema. "Mzee. Amekaa majini miezi sita, pengine saba. Na tazama hapa. Mfupa wa paja la kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Alichechemea tangu utotoni."

Nyuma yao mtu aliguna. Alikuwa Isaka, mtendaji wa kijiji, ameshika faili kifuani.

"Haiwezekani," alisema.

"Nini hakiwezekani?"

"Afande, mtu wa mguu huo hapa kijijini ni mmoja tu. Bibi Dominika Mrope, dada yake Mama Alfredi. Na Bibi Dominika amelipwa ruzuku yake ya wazee na wenye ulemavu wiki mbili zilizopita. Hati ninayo hapa."

Agatha alimtazama, akaitazama ile mifupa, akamtazama tena.

"Alikuja mwenyewe kuipokea?"

"Alipokea mwakilishi wake. Asiyeweza kufika anateua mtu. Yeye alimteua Alfredi, mtoto wa mdogo wake."

"Na uhakiki? Si mnapita nyumbani kuwaona wazee kwa macho?"

"Tulipita mwezi wa sita. Tulimwona. Alikuwa amelala kitandani, kajifunika kanga, anaumwa."

"Uliuona uso?"

Isaka alihamisha faili kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Alikuwa amegeukia ukutani."

"Kwa hiyo mlihakiki mgongo," alisema Agatha, akamwacha amesimama na faili lake.

Alikwenda kwenye mfuniko wa kisima. Ulikuwa wa mbao, juu umepigiliwa bati. Aliupindua. Upande wa chini mbao zilikuwa zimejaa vidonda vidogo vya mviringo, vingine juu ya vingine. Alichukua ile fimbo, akaiweka ncha yake kwenye kidonda kimoja. Ikakaa sawasawa.

"Aliingia mzima," alisema taratibu. "Kisima kilikuwa kimejaa, ndiyo maana fimbo ilifika. Aligonga. Aligonga sana."

Mujibu aliunyanyua mfuniko kwa mkono mmoja.

"Mwepesi huu, afande. Hata bibi kizee angeusukuma kwa fimbo."

"Basi juu yake kulikuwa na kitu kizito."

"Jiwe?"

Wakatazama pande zote. Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu mtupu. Jiwe la kukalia utalitafuta kutwa nzima. Pale uani palikuwa na kinu, sufuria na majani makavu ya mikorosho. Jiwe hapakuwa nalo.

"Kulikuwa na mtu," alisema Agatha. "Alikaa juu, akasubiri."

Mujibu, aliyekwisha kuona maiti nyingi, aliuweka mfuniko chini na kujifuta mikono kwenye suruali.

Kutoka mlangoni mwa Mama Alfredi zilitoka kamba za katani zilizofungwa kwenye vigingi, usawa wa kiuno. Agatha alielewa kwamba ni za kipofu kushika njia. Aliziinamia akapita chini yake, kama mtu apitavyo chini ya kamba ya kuanikia nguo. Hilo ndilo kosa lake katika kesi hii, na baadaye alilikiri bila kuulizwa: hakuzihesabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako si ya huku."

"Ya Lindi. Dada yako Dominika yuko wapi?"

"Alikwenda kwetu Chiwata, mwezi wa tatu. Tuligombana kidogo. Mambo ya wazee."

"Alikwendaje, na mguu ule?"

"Kwa pikipiki. Mimi nilisikia mlio tu. Muulize Alfredi, yeye ndiye mwenye macho."

"Mliishi nyumba moja?"

"Miaka kumi na minane, tangu waume zetu wafe. Mimi miguu, yeye macho. Yeye anaelekeza, mimi nabeba. Watu walikuwa wanacheka, wanasema wale bibi wawili ukiwajumlisha unapata mtu mmoja."

"Na ruzuku mlikuwa mnagawana?"

Ajuza alitupa ganda la muhogo.

"Alikuwa ananipa," alisema.

* * *

Alfredi alikamatwa kilabuni, mabibo ya mikorosho yakiwa yamechacha vizuri na uraka, pombe yake, ukiwa bei poa. Saa tisa alasiri alikuwa ameketi mbele ya Agatha, kituoni Newala, pombe ikimtoka kwa jasho.

"Kazi yako?"

"Mkulima wa korosho."

Mujibu alikohoa. "Wa mabibo, afande. Korosho anawaachia wengine."

"Aliyelala kitandani siku ya uhakiki ni nani?"

Alfredi alivuta kiti nyuma.

"Alfredi, mama yako mkubwa alikuwa chini ya maji miezi mitatu siku hiyo. Nakuuliza tena. Nani alilala?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu mzazi. Nilimwambia alale, ajifunike, asiseme. Lakini sikuua! Mama alisema Mama Mkubwa amekwenda Chiwata na harudi. Akaniambia, wewe ndiye mwakilishi, ukinyamaza nani atajua? Nikanyamaza. Hiyo tu."

"Fedha ulimpa mama yako?"

Alfredi alitazama vidole vyake.

"Nilikuwa nampelekea sabuni."

"Kisima nani alikifunga?"

"Mimi. Mama aliniambia paka ametumbukia, maji yameharibika. Nilifunua kidogo, nikanusa, nikafunika, nikakandika udongo pembeni."

"Hukuangalia ndani?"

"Nilikuwa nimelewa."

"Ulikuwa mzima lini?"

Mujibu aliandika jambo ambalo halikuhitaji kuandikwa.

"Mama yako ni kipofu," Agatha aliendelea, "na majirani wanasema unakaa Newala wiki nzima, wakati mwingine mbili. Ulimwachaje peke yake?"

Kwa mara ya kwanza Alfredi aliinua kichwa, kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua.

"Si nilimfungia kamba! Mbili, kwa mikono yangu. Moja ya chooni, moja ya kisimani. Muulizeni mtu yeyote kama kuna mwana mwingine Chilangala aliyemfanyia mama yake hivyo."

Mkuu wa polisi wa wilaya aliposomewa maelezo hayo alipiga meza kwa furaha. Kulikuwa na maiti, ruzuku iliyoliwa na mlevi aliyekiri nusu. Nusu iliyobaki angeikiri mahakamani. Akaagiza Jumatatu asomewe shtaka la mauaji ya kukusudia.

"Ni yeye aliyemwita fundi," alisema Agatha.

"Nani?"

"Alfredi. Amemlipa fundi Ashiru kwa fedha ya korosho zake za kwanza, asafishe kisima kabla ya mvua. Mkuu, mtu anaua, anaficha maiti, halafu anaajiri fundi aje kuitoa?"

"Mlevi."

"Mlevi husahau deni. Kaburi alilolichimba mwenyewe halisahau."

"Una mpaka Jumatatu," alisema mkuu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

* * *

Jumamosi asubuhi Agatha alirudi Chilangala na Mujibu, akampitia Isaka. Alitaka kumweleza mama hali ya mwanawe kabla hajaisikia kwa majirani. Ulimi mkali haumzuii mtu kuwa na huruma, na Agatha alikuwa nayo, ingawa aliificha vizuri.

"Mama Alfredi, mwanao Jumatatu anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Akipatikana na hatia, adhabu yake ni kunyongwa. Kama kuna jambo unalijua, liseme leo."

Ajuza alikuwa akipepeta mchele wa kuazima. Ungo haukusimama.

"Alfredi ni mtu mzima."

"Ni mtoto wako wa pekee."

"Najua idadi ya watoto wangu." Akageuza uso upande ambako Isaka alikuwa akipumua. "Mtendaji."

"Naam, mama."

"Mtu akifungwa, kwenye orodha zenu anahesabika bado yumo kwenye kaya?"

"Hapana, mama. Akifungwa anatolewa."

"Ahaa," alisema, akapuliza pumba.

Isaka alijifuta macho walipofika garini. "Masikini, anaogopa njaa," alisema. Agatha naye alidhani hivyo. Aliagiza Mujibu amwachie unga na maharage, na wote watatu wakaondoka wakijiona watu wema.

Mchana huohuo waliteremka mteremko wa uwanda kuelekea Masasi, wakakata njia ya Chiwata. Kaka mkubwa wa wale dada wawili, mzee Benedikto Mrope, walimkuta shambani akipalilia shina la mkorosho. Agatha alimpa habari bila kuzungusha. Mzee aliketi palepale kwenye udongo.

"Dominika hakuja huku," alisema. "Sijamwona tangu mazishi ya mama yetu. Miaka mitano."

"Hata salamu? Hata mtu kutumwa?"

"Wa kutuma ni Anjelina."

"Anjelina ni nani?"

"Mdogo wetu. Yule kipofu. Ninyi mtakuwa mnamwita Mama Alfredi, kila mtu anamwita hivyo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mwezi wa nne alimtuma dereva wa basi. Alitaka unga wa mtama, mtama wa shamba hili."

"Chilangala hakuna mtama?"

"Upo. Lakini huo ni wa kupika. Sisi Wamakua, unga wa waliolala lazima utoke shamba la ukoo, kwenye udongo waliokanyaga. Unaumwaga chini ya mti alfajiri, kabla hujanawa uso, unamtaja jina, unamwomba alale. Nilijua anamwombea mama. Nikampelekea mfuko mzima. Mwezi wa nane akaagiza mwingine."

Agatha alikuwa ameacha kuandika.

"Mzee, mtu aliye hai unaweza kummwagia huo unga?"

Benedikto alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mtu hai? Hapo unamwita kaburini. Hata adui yako humfanyii."

Gari lilianza kupanda tena uwandani. Ndipo Mujibu aliposema, "Afande, kipofu anaufikiaje mti? Alfredi alifunga kamba ngapi?"

"Mbili," alisema Agatha. Kisha akafumba macho, akauona tena ule ua, akainama chini ya kamba kama alivyoinama siku ya kwanza. Chini ya ya kwanza. Chini ya ya pili. Chini ya ya tatu. "Kanyaga mafuta, Mujibu."

* * *

Walimchukua Isaka awe shahidi, wakaingia uani jua likiwa bado juu. Mama Alfredi alikuwa kibarazani, mikono mapajani. Agatha hakumsalimu. Alihesabu.

Kamba moja ilikwenda chooni. Kamba moja ilikwenda kisimani. Ya tatu ilikuwa ya vipandevipande, mafundo manene yaliyofungwa na mikono inayopapasa, na ilizunguka nyuma ya nyumba. Agatha aliishika, akafumba macho, akaifuata. Hatua thelathini na nne. Kamba ikaisha kwenye gome la mkorosho mkongwe. Aliinama, akanyoosha mkono, vidole vyake vikaingia kwenye kitu laini.

Alifumbua macho. Ulikuwa unga, kichuguu kidogo kilichotengenezwa vizuri kwa kiganja, sisimizi wakiusomba. Chini yake kulikuwa na tabaka la unga wa zamani, limeganda kama ukoko.

Alirudi kwa kufuata kamba ileile. Mama Alfredi alikuwa amesikia nyayo zilikotoka.

"Umefika kwake," alisema.

"Nimefika. Mama, si lazima useme neno, na utakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Mimi ni kipofu. Masikio ninayo."

"Unamwombea nani chini ya mkorosho ule?"

"Unamjua."

"Tangu lini?"

"Tangu unga ulipofika. Yeye alianza siku ya tatu. Alikuwa ananijia, ananigonga na ile fimbo. Hapa." Alijigusa nyuma ya paja. "Sheria yenu inakaa Newala, mwanangu. Yeye anakaa hapa. Ningemwogopa nani zaidi?"

Mujibu alikuwa ameshatoa karatasi. Agatha aliketi chini, usawa wa ajuza.

"Nieleze siku yenyewe."

"Mvua ilikuwa kubwa. Tulikwenda kisimani kuangalia kama kimejaa. Yeye aliinama kutazama. Mimi nilikuwa nimemshika kiuno asiteleze. Miaka kumi na minane nimemshika kiuno hicho asiteleze."

"Ukamwachia."

"Nikamsukuma. Usiandike nilimwachia. Kuachia ni bahati mbaya."

Mujibu alifuta neno.

"Alizama, akaibuka. Aliniita, 'Mdogo wangu, kamba!' Nikatafuta mfuniko kwa mguu, nikaukokota, nikafunika, nikakaa juu. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna aliyesikia. Fimbo ilinigonga, ilinigonga. Nilikaa mpaka ikaacha. Halafu nikakaa tena kidogo, maana Dominika alikuwa mjanja."

Isaka aligeuka, akashika nguzo ya kibaraza.

"Kwa nini?" aliuliza Agatha. "Kwa ajili ya ile ruzuku?"

"Kwa ajili ya samaki."

"Samaki gani?"

"Kila akilipwa alinunua samaki. Anapika, ananipa bakuli. 'Kula samaki, Anjelina.' Napapasa, ni mchuzi. Natafuta mnofu, ni mwiba. Namwambia dada, mbona sipati? Ananiambia, umekwisha kula, umesahau. Namsikia anatafuna! Kipofu ana ulimi, mwanangu. Kipofu ana pua. Nilinyamaza kwa sababu fedha ilikuwa yake, jina lilikuwa lake. Siku ile kisimani nilimwambia, dada, niombee na mimi niandikwe, macho sina. Akacheka. Akasema, 'Serikali inanijua mimi. Wewe nani anakujua?' Alikuwa ameinama wakati anacheka."

Upepo ulipita kwenye mikorosho.

"Kwa nini hukuwemo kwenye orodha?" alisema Agatha hatimaye, akimtazama Isaka.

"Mkutano wa kijiji ulimkata," Isaka alijibu kwa sauti ndogo. "Ulisema ana mtoto mwenye nguvu. Dominika hakuzaa."

"Mtoto mwenye nguvu," alirudia Mama Alfredi. Alilisema neno moja moja, kama anatema mbegu.

"Na mtoto huyo jana ulimwacha achukuliwe," alisema Agatha. "Jumatatu angeshtakiwa kwa kosa lako. Asubuhi ulikuwa unapepeta mchele. Nilidhani unaogopa njaa."

"Nilikuwa nahesabu. Akifungwa anatolewa kwenye kaya. Mtendaji mwenyewe alisema. Akitolewa, mimi ni kipofu asiye na mtu. Wangeniandika."

"Ili anyongwe!"

"Yeye alininyonga kwanza. Muulize mtendaji, siku ya uhakiki alisoma nini."

Isaka alifungua faili. Karatasi mbili zilimponyoka. Alipata aliyoitaka, akaisoma kwa macho, uso ukambadilika.

"Sema," alisema Agatha.

"Mwezi wa sita tulikuja na orodha mpya. Rufaa za watu wenye ulemavu zilikuwa zimepita. Nilisimama pale mlangoni nikasema..." Aliweka kidole kwenye mstari. "Nilisema, 'Na Anjelina Mrope, kipofu, jina lake limekubaliwa. Yuko wapi tumwone?'"

"Nani alijibu?"

"Alfredi. Alisema amehamia Chiwata. Nikalikata, na alipoonekana tena sikulirudisha."

"Nilikuwa kitandani," alisema Mama Alfredi. "Nimejifunika kanga ya Dominika, nimegeukia ukutani, hatua mbili kutoka kwake. Mtoto wangu aliona ajitafutie njia rahisi. Mkubwa yupo, mdogo hayupo, mambo yameisha. Nilitaka kuinua mkono. Ningeuinua, wangeuliza Dominika yuko wapi. Nikang'ata kanga. Nikaisikia kalamu ikipita. Krr. Nilijua ni mimi huyo."

Agatha alitaka kusema jambo kali. Lilimjia mpaka mdomoni, lakini hakujua amwelekezee nani, akalimeza. Alichukua karatasi kutoka kwa Mujibu, akageuza ukurasa mpya.

"Jina."

"Mama Alfredi."

"Hilo si la kuandikwa."

"Anjelina," alisema ajuza. "Anjelina Mrope."

Aliinamisha sikio kuifuata kalamu.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

"Anjelina Mrope, miaka sabini na moja, kipofu, mkazi wa Chilangala."

"Rudia."

Agatha alirudia. Mujibu alileta kidau cha wino, akakishika kidole gumba cha yule mama, akakipeleka penye nafasi. Hakuhitaji kumsaidia kukandamiza. Anjelina Mrope alikandamiza mpaka wino ukapenya upande wa pili wa karatasi.

Walimwongoza kwenye gari. Alikataa kushikwa mkono. Aliomba akatiwe kipande cha kamba, Mujibu ashike ncha moja na yeye ashike nyingine. Mguu mmoja ukiwa tayari juu, alisimama.

"Na Alfredi?"

"Shtaka la mauaji linafutwa," alisema Agatha. "Atajibu la ruzuku. Huenda akapigwa faini, huenda akafungwa miezi michache. Kisha atarudi nyumbani."

"Kwa hiyo bado nina mtoto mwenye nguvu."

"Bado unaye, mama."

Ajuza alitema mate mchangani, akaingia garini, akajifunga kanga vizuri.